Mombasa yadhihirisha miji ni ya waendao kwa miguu. Kitale ijifunze mapema

WAKAZI wa Matisi, mtaa ulio viungani mwa mji wa Kitale, hawahitaji kufundishwa kutembea. Wengi wao huingia mjini kwa miguu, wakipisha bodaboda na kukwepa matope msimu wa mvua. Kwao kutembea ni lazima wala si starehe. Kwa hivyo, kusikia kwamba kuna watu wanaosafiri hadi Mombasa, na hata kulipa, ili watembezwe vichochoroni, huenda kukaonekana kama kichekesho.

Hata hivyo, jambo hilo lina funzo kwa mji wowote unaokua. Kitale na Mombasa zimefungamana tangu miaka ya 1920, reli ilipofika Trans Nzoia na kuanza kubeba mazao ya wakulima kuelekea bandari ya Kilindini. Siku hizi safari ni ya watu zaidi: basi hadi Nairobi, kisha reli ya kisasa iliyozinduliwa Mei 31, 2017. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024, na mzazi mwenye watoto kadhaa huihisi. Kinachomsubiri mgeni akishafika, kwa bahati njema, kwa kiasi kikubwa hakina malipo.

Matembezi ya kawaida huanzia Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, Waarabu wa Oman wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili, nao Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Shirika la UNESCO liliiorodhesha kuwa turathi ya dunia mwaka 2011. Kutoka hapo, mgeni huingia Mji wa Kale, akapita msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570, hadi Bandari ya Kale ambako majahazi yalikuwa yakitia nanga kabla ya Kilindini kutwaa biashara ya meli kubwa. Kisha hurudi kupitia Ndia Kuu.

Jina hilo lenyewe linaeleza mengi. Ndia, kwa Kimvita, ni njia. Hii ndiyo iliyokuwa njia kuu ya mji, ilhali lori likiingia humo leo hukwama. Mji ulijengwa kwa kipimo cha binadamu na punda: nyumba zimekaribiana zikatiliana kivuli, baraza za mawe zikamkaribisha mpita njia kuketi, na roshani za mbao zikapitisha upepo wa bahari. Uzuri unaowavutia wageni haukubuniwa kwa ajili yao. Ni matokeo ya watu kuishi na kutembea pamoja kwa karne nyingi.

Hapa ndipo penye hatari. Fort Jesus ni turathi ya dunia, lakini Mji wa Kale unaoizunguka haumo katika orodha hiyo. Ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaipa serikali uwezo wa kuulinda. Pamoja na hayo, gharama ya kukarabati mlango wa nakshi au roshani iliyooza humwangukia mwenye nyumba, na kwake orofa mpya za kukodisha zina faida ya haraka. Katiba ya 2010 nayo iligawa kazi: majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni jukumu la Serikali Kuu, huku barabara za mtaa, taa, maegesho na bustani zikiwa mikononi mwa kaunti. Ngome ikilindwa na vichochoro vikiachwa, mgeni atakuwa na mahali pa kuingia lakini hatakuwa na pa kutembea.

Zanzibar imekwisha kuonja machungu hayo. Mji Mkongwe uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, lakini hadhi hiyo haikuzuia sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib kuporomoka Desemba 25, 2020, likiwa katika ukarabati.

Kwa upande mwingine, Mombasa imeonyesha kwamba mahali pa kutembea panaweza kufufuliwa. Ufuo wa Mama Ngina, unaoelekea kivuko cha Likoni, ulikarabatiwa na kuwa mwenyeji wa sherehe za Mashujaa za Oktoba 20, 2019. Jioni familia hukaa pale kutazama meli zikiingia Kilindini. Lakini thamani ya mahali hapo haitokani na matofali mapya pekee. Inatokana na muuza madafu, muuza mihogo na mtoto asiye na senti mfukoni kuweza kukaa ukuta mmoja na mtalii. Siku mmoja wao atakapoondolewa ili pafanyike pasafi, pataacha kuwa pa umma.

Kitale haina bahari wala ngome, lakini ina barabara zenye miti, makavazi yake yenye njia ya kutembea msituni, na Mlima Elgon upande wa magharibi. Kinachokosekana katika sehemu nyingi ni njia salama ya miguu. Kwa miaka mingi, takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) zimeonyesha kwamba waendao kwa miguu ndilo kundi kubwa zaidi la wanaouawa katika ajali za barabarani nchini. Barabara inapowekwa lami bila njia ya kando, gari huongeza kasi na mwanafunzi hubaki kwenye ukingo wa mtaro.

Ardhi ya kupitishia njia hizo hupatikana kwa urahisi kabla ya maduka kuota kandokando ya barabara. Baadaye, kila hatua hugeuka kuwa fidia na kesi mahakamani. Mombasa ilirithi njia zake kutoka kwa waliotangulia, na kazi yake ni kuzitunza. Kitale na mitaa yake kama Matisi bado ina nafasi ya kuzitenga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mpango wa mji, ukuta wenyewe huenda ukajengwa palipostahili kuwa njia.