Singida, irudisheni 'hela ya chupa' kwenye matamasha ya soka

Mwanzo wa msimu wa soka la Bongo siku hizi una sherehe zake. Simba wana Simba Day tangu 2009, Yanga wakaja na Wiki ya Mwananchi 2019. Singida nao hawakukubali kupitwa. Mwaka 2022, enzi za Singida Big Stars, likafanyika tamasha la Singida Big Day pale Liti, uwanja ambao wengi bado wanauita Namfua.

Siku kama hiyo mechi ni kipande tu cha shughuli. Watu wanaanza kuingia mapema, wasanii wanapanda jukwaani, spika zinatikisa mji, wachezaji wapya wanatambulishwa, ndipo mpira unapigwa. Raha tupu. Tatizo linaanza watu wakishaondoka. Chupa za maji, boksi za chipsi na mirija vinabaki vimetapakaa, na anayeachiwa kazi ni mama wa usafi mwenye fagio.

Kwa Singida hilo si suala la uchafu wa siku moja. Mji huu una upepo usio na utani, upepo ambao umewafanya wawekezaji waipigie hesabu Singida kwa umeme wa upepo. Kitu chepesi kikiachwa wazi usiku, asubuhi hakipo tena. Na mjini hapohapo kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai. Ni maziwa ya chumvi, maji yake hayana mto wa kuyatoa. Kinachoingia humo kimeingia. Chupa ambayo haikufika ziwani inaishia shambani au korongoni, na mfuko unaishia tumboni mwa mbuzi wa mtu.

Dawa iliyozoeleka ni MC kushika maiki na kusema "jamani tutunze mazingira", kisha muziki unaendelea. Hiyo haijawahi kusafisha uwanja wowote. Wapo watakaotoa mfano wa mashabiki wa Japan waliookota taka majukwaani kwenye Kombe la Dunia 2018 na 2022. Mfano mzuri, lakini tabia ya namna ile inajengwa tangu shuleni. Klabu inayoandaa tamasha mwezi ujao haiwezi kuisubiri.

Kinachowezekana kesho ni hela ya chupa. Kila Mtanzania aliyekua na soda ya chupa anaujua mchezo huu. Ukitaka kuondoka na chupa, unaacha hela dukani. Ukiirudisha, unapewa chako. Hakuna aliyehitaji semina. Wajerumani wanafanya hivyohivyo kwenye viwanja vyao vingi, bia inauzwa kwenye kikombe kigumu na shabiki anarudisha kikombe achukue pesa yake.

Hesabu yake ni rahisi. Chukulia tamasha la watu 10,000, kila mmoja anakunywa chupa mbili za maji. Hizo ni chupa 20,000. Kila chupa ikiuzwa na stika ya tamasha na nyongeza ya Sh200, mezani kuna Sh4 milioni za mashabiki wenyewe. Anayerudisha chupa kwenye banda la getini anapewa Sh200 yake. Asiyetaka kusumbuka ataiacha, na dogo wa kitaa au muokota chupa ataiokota kwa furaha. Hata robo ya chupa zisiporudi, inabaki Sh1 milioni ya kuwalipa wanaofagia. Stika inazuia mjanja kuja na kiroba cha chupa za mtaani.

Watasema mashabiki wa Singida ni watu wa kipato cha kawaida, msiwaongezee mzigo. Lakini hela inarudi, na mwenye kipato kidogo ndiye atakayekuwa wa kwanza kuifuata. Watasema pia Watanzania hawabadiliki. Maneno hayo yalisikika sana kabla ya Juni 1, 2019, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Watu waliuliza nyanya zitabebwa na nini. Leo mama anakwenda sokoni na kikapu au mfuko mbadala, maisha yanaendelea.

Chakula nacho kina njia yake. Kuku wa kienyeji wa Singida ana jina nchi nzima, haipendezi kumuuza kwenye boksi la kutupa. Mama lishe wapewe eneo moja lenye maji ya kuoshea, wauze kwenye sahani, na klabu iwatafutie mdhamini wa majiko ya gesi. Serikali ina mkakati wa asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034; tamasha ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa vitendo.

Ila yote haya yasiachwe kwenye hiari. Manispaa ya Singida inaweza kudai dhamana kwa kila mwandaaji, awe wa soka au wa muziki mtupu. Uwanja na mitaa ya jirani ikikaguliwa na kukutwa safi, anarudishiwa fedha. Ikikutwa chafu, dhamana inalipa wafagiaji. Ni hela ya chupa ileile, safari hii ya bosi. Bodi ya Ligi nayo ina cha kuiga: Ujerumani iliingiza masuala ya mazingira kwenye masharti ya leseni za klabu za Bundesliga tangu 2022.

Singida Black Stars walibeba Kombe la Kagame 2025 wakati wengi wakiwaona timu ya mkoani tu. Simba na Yanga hawawezi kuzidiwa kirahisi kwa idadi ya watu wala wasanii. Kwenye hili la usafi wanazidika, tena mapema. Walima Alizeti wakianza, wakubwa ndio watakaokuja kuiga.