Kukhu Hana Cheti Kwa Sababu Serikali Haikuandika

Tuanze na hesabu. Mwanamke aliyezaliwa Malava mwaka 1952 alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, wakati ambapo kijijini kwao hakuna sheria iliyomlazimu mtu kuandikisha mtoto. Usajili wa vizazi ulianza na Wazungu mapema karne iliyopita, ukasambazwa pole pole wilaya kwa wilaya, na ni mwaka 1971 ndipo ukawa lazima Kenya nzima. Wakati huo yeye ana miaka 19. Vitambulisho navyo vilikuwa vya wanaume. Sheria ilibadilishwa mwaka 1978 ndipo wanawake nao wakahesabika. Hapo ana miaka 26, ameolewa, ana watoto, na kitambulisho cha bwanake kinatosha shughuli zote za boma.

Sasa bwana amefariki na yeye amepita 70. Anaenda kuomba kitambulisho, na swali la kwanza ni: "Mama, cheti cha kuzaliwa kiko wapi?"

Kwani kingetoka wapi?

Asipokuwa nacho anaambiwa alete kitu kingine: kadi ya ubatizo, cheti cha shule, vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu, hati ya kiapo, ama aende hospitalini akakadiriwe umri. Hebu isome tena hiyo orodha ukimfikiria yeye. Shule hakupelekwa, ndugu zake wa kiume ndio walisoma. Wazazi walizikwa nyuma ya nyumba bila cheti cha kifo. Kadi ya ubatizo, kama aliwahi kuwa nayo, ililiwa na mchwa pamoja na sanduku. Na daktari anayetaka kukadiria umri kwa meno, ataangalia meno yapi?

Wakati huo huo anaitwa Nasike. Kwa Wakabras na Wabukusu, Nasike ni msichana aliyezaliwa wakati wa nzige. Nafula alikuja na mvua, Nekesa wakati wa mavuno, Nanjala wakati wa njaa. Ukimwita jina tu, umeshasoma robo ya cheti chake. Najua, jina linaweza kuwa la kurithi kwa nyanya aliyetangulia, kwa hivyo halitoshi peke yake. Lakini liweke pamoja na wanaume waliotahiriwa mwaka mmoja na kaka yake, mama mkwe aliyempokea, na liguru ambaye amekula kwake tangu utotoni. Huo ni ushahidi. Shida ni kwamba haubebeki kwa bahasha ya kaki.

Na msituambie eti serikali haikuwa na uwezo wa kuandika watu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, kikining'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe, ili mwajiri ajue katoroka wapi. Vibanda vilihesabiwa kimoja kimoja kwa ajili ya kodi. Dhahabu ilipopatikana hapa Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, sheria ya 1930 iliyoahidi kulinda ardhi ya Waafrika ilirekebishwa mwaka 1932 ili wachimbaji waingie bila wenyeji kupewa shamba lingine badala yake. Miaka miwili tu! Karatasi ilienda mbio kila ilipokuwa na kitu cha kuchukua kutoka kwetu. Ikifika zamu ya kutoa, inaanza kuchechemea.

Maana kuna kutoa hapa. Bila kitambulisho hakuna Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi za waliofikisha miaka 70. Kujisajili SHA ni shida. Laini ya simu inasajiliwa kwa jina la mjukuu, na M-Pesa yake inasomwa na mjukuu (na wajukuu tunajijua). Lakini kubwa kuliko yote ni shamba: mjane asiye na kitambulisho anafikaje mbele ya hakimu kudai urithi, wakati shemeji zake wote wanavyo?

Watasema ni usalama, eti wageni watajipenyeza. Kakamega haipakani na nchi yoyote. Na mtu mwenye nia mbaya hakosi karatasi, hicho ndicho kitu cha kwanza anachonunua. Wanaokosa ni akina Nasike. Hata Wamakonde, waliokuwa wameishi Kwale kwa miaka mingi, ilibidi mwaka 2016 watembee kwa miguu kuelekea Nairobi ndipo watambuliwe. Washona walingoja hadi Desemba 2020. Kukhu wa miaka 73 atatembea hadi wapi?

Kinachoniudhi zaidi kiko kwenye Katiba yenyewe. Kifungu cha 14 kinasema mtoto anayeonekana kuwa chini ya miaka minane, akiokotwa Kenya na wazazi wake wala uraia wake haujulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Vizuri kabisa. Mtoto asiyejulikana na yeyote anaaminiwa, lakini bibi anayejulikana na kijiji kizima anaambiwa athibitishe.

Mzigo huu uhamishwe. Liguru, naibu wa chifu na wazee wawili wa rika lake wakiapa kwamba wanamjua, basi ni raia, na anayepinga ndiye alete ushahidi. Chifu analipwa mshahara na serikali hii hii. Kama neno lake halitoshi kwa aliyemwajiri, anaandikia nani zile barua?

Kwa sasa, wewe uliye Nairobi, ukienda ocha Desemba usibebe sukari na mkate peke yake. Keti na kukhu, andika majina ya waliomjua msichana, uliza parokia kama daftari la ubatizo bado lipo, halafu mwende pamoja ofisini. Akikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinampa haki hiyo. Na mkiambiwa "rudini wiki ijayo", hilo nalo liandikwe, liwe na tarehe na muhuri.