MNAKUJA LIKIZO? WATOTO KWANZA, MABEGI BAADAYE (Sehemu ya 5)

Mama zangu na baba zangu mlioko Uingereza, Marekani, Ujerumani na kwingineko, najua tiketi za Julai mmeshakata. Wiki tano, sita nyumbani: Dar kwa bibi mzaa baba, Tanga kwa bibi mzaa mama, siku chache Unguja. Karibuni sana, tumewamisi. Ila leo nitasema jambo ambalo baadhi yenu mtaona nawachokoza.

Wengi mnajiandaa upande mmoja tu. Kilo 23 za kila begi zimepigiwa hesabu tangu Februari: viatu vya mjomba, simu ya shemeji, manukato ya wifi. Ukiuliza watoto wameandaliwa nini, unajibiwa "dawa tutanunua huko huko." Jamani, hayo siyo maandalizi.

Msimamo wangu ni huu: mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa London ni mgeni kwa malaria sawasawa na mtoto wa Kizungu. Mbu haulizi kabila. Ile kinga unayoiona kwa watu wazima wa huku wameijenga kwa kuugua mara kwa mara tangu utotoni, na hata hivyo si kamili. Mwanao hajawahi kuugua, hana hiyo kinga. Na ninyi wazazi mliokaa nje miaka minane, yenu imepungua sana. "Mimi nimekulia Muheza, mbu hanitishi" ilikuwa kweli zamani kidogo. Leo siyo kweli.

Ndiyo maana kule Uingereza, wengi wanaorudi na malaria si watalii wa Serengeti. Ni watu waliokwenda kutembelea ndugu zao. Mtalii anaogopa, kwa hiyo anameza dawa. Sisi tunarudi nyumbani, na nani anaogopa nyumbani kwao?

Sasa fanyeni hivi. Wiki 6 hadi 8 kabla ya safari, nendeni kliniki ya wasafiri nyote, na kadi za chanjo mkononi.

Surua: huku tunachanja miezi 9 na 18. Huko mliko ratiba ni nyingine, mara nyingi huanzia mwaka mmoja. Kama mtoto ana miezi 6 au zaidi na hajachanjwa, ulizeni kuhusu dozi ya mapema kwa ajili ya safari.

Homa ya manjano: kama mtakaa Nairobi kwa shangazi kisha mvuke Namanga kuja Tanzania, mnaweza kudaiwa cheti kwa kila aliyefikisha mwaka mmoja. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Kuchanjwa Jumatatu na kusafiri Alhamisi hakusaidii.

Dawa ya kuzuia malaria: daktari ataandika kwa uzito wa mtoto. Usimkatie kidonge chako kwa kukadiria. Zipo za kuanza siku moja au mbili kabla na kuendelea siku 7 baada ya kurudi, na zipo za kuendelea wiki 4. Hapo kwenye "baada ya kurudi" ndipo wengi mnaharibu. Mkishuka uwanja wa ndege mnaona safari imekwisha, dawa inabaki kwenye begi. Kumbe mbu wa usiku wa mwisho kwa bibi ameshafanya kazi yake.

Mama mjamzito, wewe ongea na daktari kabla hata ya kukata tiketi. Malaria kwenye ujauzito ni hatari kwako na kwa mtoto. Kama safari inaweza kungoja, ingoje.

Halafu kuna ndugu. Bibi atawalaza wajukuu sita kwenye godoro moja sebuleni. Ndiyo raha ya likizo, siwakatazi. Lakini chandarua chenye dawa kitundikwe kabla hawajalala. Mtasikia: "Mnawadekeza. Mbona sisi tumekua?" Waliokua ndio wanaoweza kusema hivyo. Sisi wa wodi ya watoto tunawakumbuka na wengine.

Na hapa baba nakugusa wewe. Kwa mama yako, msemaji ni wewe. Mkeo akisema ataambiwa amekuwa Mzungu, na likizo nzima itakuwa maneno. Wewe ukisema "mama, daktari ndivyo alivyotuagiza", yanaisha. Mpigie kabla hamjapanda ndege. Kumeza dawa, kupima na kutundika chandarua visiwe kazi ya mama peke yake wakati baba anasalimia washkaji.

Mtoto akipata homa huku, apimwe siku hiyo hiyo. Msinunue dawa mseto dukani kwa kubahatisha. Mkishakuwa mmerudi, homa yoyote ndani ya mwaka mmoja, hasa miezi 3 ya mwanzo, nendeni hospitali na neno la kwanza liwe: "Tulikuwa Tanzania, tunaomba kipimo cha malaria leo." Msisubiri waulize. Huko homa ya mtoto inaweza kuonekana mafua, na malaria inaweza kuwa kali ndani ya saa 24.

Najua mtasema gharama. Ni kweli, chanjo na dawa za watu watano si hela ndogo. Basi acheni begi moja. Shemeji atanuna siku mbili, atazoea. Bibi hajakaa miaka minne akisubiri viatu, anasubiri wajukuu. Mleteeni wazima, na mrudi nao wazima.

Ukimaliza kusoma mtumie mwenzio, mkae chini leo mhesabu wiki zilizobaki. Nani ameshabishana na ndugu kuhusu dawa? Niandikieni hapo chini. Sehemu ya 6 tutaongelea kuhara safarini.