Tafakari ya Juma: Kadi ya Zaka Haiokoi



Wapendwa taifa la Mungu, Injili ya Dominika ya 30 ya Mwaka C (Lk 18:9-14) yatuonyesha watu wawili waliopanda kwenda hekaluni kusali. Mfarisayo alimsomea Mungu orodha ya mifungo na zaka zake. Mtoza ushuru aliomba huruma tu. Aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki ni huyo wa pili. Nathubutu kusema kwamba Mfarisayo yule angehamia kwetu Songwa, tungemchagua mwenyekiti wa jumuiya kabla ya mwezi kwisha.

Nisieleweke vibaya. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, ni zawadi kubwa. Kulitegemeza Kanisa nako ni wajibu wa kila mwamini (Sheria za Kanisa, kan. 222). Ninachokipinga ni mazoea ya kugeuza daftari la mahudhurio na kadi ya zaka kuwa kiti cha hukumu. Mtu akifariki, kabla wafiwa hawajafutwa machozi, swali ni moja: "Je, alikuwa anasali jumuiya? Kadi yake iko wapi?"

Nami sijitoi katika lawama hii. Niliwahi kumwuliza mjane habari za kadi kabla sijauliza jina la marehemu. Mumewe alikuwa mchimbaji mdogo, miezi mingi akihangaika machimboni upande wa Geita, ambako hakuna aliyemwandikia hudhurio. Mama yule hakunijibu neno. Aliinamisha kichwa, na usiku ule mimi, padre, nilishindwa kusali Masifu.

Tunasema tunatetea sheria. Sheria ipi? Kanuni ya 1184 ya mwaka 1983 yawataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: walioasi imani, wazushi na wafarakano wa wazi, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Deni la zaka halimo. Tena kanuni ya 1181 yaagiza maskini wasikose maziko yanayostahili.

Wapo watakaosema: "Padre, tukilegeza hapo, watu hawatatoa tena." Ndugu yangu, fedha itolewayo kwa hofu ya jeneza kukosa baraka si sadaka, ni faini. Wengine watasema kusisitiza neema ni mafundisho ya Walutheri. Hasha! Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1547 kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoistahili neema hiyo. Matendo mema ni matunda ya neema, wala si bei yake.

Sisi jirani wa Mwadui tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Kabla John Williamson hajagundua mgodi ule mwaka 1940, almasi zilikuwa zimelala ardhini tangu zamani za kale. Almasi haijichimbi wala haijioshi. Hutafutwa, huokotwa, husafishwa. Ndivyo Mungu alivyotufanyia. Je, jiwe lililookotwa jana lina haki gani ya kulicheka lililo bado matopeni?

Basi, tujichunguze dhamiri kwa namna nyingine. Jioni, usijiulize tu, "Nimehudhuria mara ngapi, nimetoa kiasi gani?" Jiulize: Ni nani niliyemhukumu leo? Yupo mgonjwa nisiyemtembelea kwa kuwa jina lake halina alama daftarini? Je, naamini kweli kwamba mimi nami nimehurumiwa? Wengi tunaingia kitubioni na dhambi za jirani mkononi. Tumekuwa hodari wa kuchekecha mchanga wa wenzetu, na wetu hatujaugusa.

Viongozi wa jumuiya, nina ombi moja juma hili. Mtembeleeni mtu mmoja ambaye hajaonekana siku nyingi. Daftari liacheni nyumbani. Msimwulize kadi, mwulizeni hali, kisha salini naye. Nami nitaanza kwa kwenda nyumbani kwa mjane yule, kumwomba msamaha.

Ee Mungu, utuhurumie sisi wakosefu. Amina.