Filta Karibu 900,000 za Bure Western: Maji Yalitoka Safi, Mbona Wengi Waliziacha?

Kama ushago kwenu ni Bumula, hii picha unaijua. Mathe anatoka chemichemi na mtungi wa lita 20, maji yanang'aa kama ya dukani. Unapiga vikombe viwili, usiku tumbo inaendesha mpaka asubuhi. Vidudu vya kuharisha havina rangi, na macho haiwezi kukusaidia.

Ndio maana msee akitaja nanoteknolojia na maji safi pamoja, watu huchangamka. Na si porojo. Nanomita ni kipimo kidogo sana, unywele mmoja una upana wa kama 80,000 hivi. Filta yenye vitundu vya nanomita 20 inashika bakteria na virusi vingi. Haitaki stima wala kuni. Unamwaga maji juu, yanateremka yenyewe, unafungua mfereji chini.

Sasa, Western tulishapewa hii kitu, tena bure. Mwaka 2011, kampuni ya Vestergaard Frandsen kutoka Uswisi iligawa karibu filta 900,000 za LifeStraw Family katika Mkoa wa Magharibi, Bungoma ikiwemo. Kazi ilichukua kama wiki tano, na ililenga watu milioni 4. Hakuna mwenye nyumba aliyeitishwa hata shilingi.

Doo ilikuwa inatoka wapi? Kwa hewa. Hesabu ilikuwa hivi: familia yenye filta haina haja ya kuchemsha maji, basi kuni hazichomwi na moshi unapungua. Huo moshi uliopungua unageuzwa krediti za kaboni, zinauzwa ng'ambo, na pesa inarudi kwa aliyeleta filta. Utamu uko hapa: sheria za hiyo biashara zinaruhusu kuhesabu hata familia ambayo haikuwa inachemsha maji, kwa hoja kwamba ingechemsha kama ingekuwa na uwezo. Yaani mathe ambaye hakuwa anachemsha maji alikuwa pia kwa hesabu, bila yeye kujua.

Halafu watafiti huru wakaenda mashinani, miaka 2 hadi 3 baada ya ugavi. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2017, yalikuwa noma: ni asilimia 19 tu ya nyumba zilizosema bado zinatumia hiyo filta.

Usikimbilie kulaumu mathe. Filta kama hii huziba, hasa mvua ikinyesha na maji yakiwa na tope, na lazima uioshe mara kwa mara. Maji yanatoka polepole na watoi wanalia kiu. Tena ina mwisho wake, kama lita 18,000, ambayo kwa familia ya watu watano ni kama miaka 3. Kampuni iliweka vituo vya kurekebisha, sawa. Lakini fundi wa baiskeli pale Kimaeti atakutengenezea cheni kwa dakika kumi. Spea ya filta ya Uswisi ataitoa wapi?

Angalia jamaa wa Arusha, Dkt. Askwar Hilonga. Filta yake inachanganya mchanga wa kawaida na nanoteknolojia, na mwaka 2015 ilimpa tuzo ya uhandisi ya Afrika kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Kitu cha kuiga hapo ni mbili. Kwanza, anaitengeneza kulingana na shida ya maji ya mahali, kwa mfano floridi, ambayo inapita kwenye vile vitundu vya nanomita 20 bila kusimamishwa. Pili, filta zake huwekwa pia kwa vibanda vya kuuza maji. Mwenye kibanda ataiosha kila siku kwa sababu ikiziba, hana unga.

Na usidharau klorini. Huku huku Western, kikosi cha Michael Kremer, aliyewahi kufunza Kakamega kabla hajapata Nobel ya uchumi mwaka 2019, kilijaribu kuweka matangi madogo ya klorini kando ya chemichemi. Unazungusha kitufe, tone linaingia mtungini, unajaza maji na kwenda zako. Klorini haiui kila kitu, lakini inabaki ndani ya mtungi ikilinda maji. Filta haifanyi hivyo, ukikinga maji safi kwa mtungi mchafu umerudi mwanzo. Lakini hata hilo tangi likiisha na mtu asilijaze, linabaki pambo.

Basi rada ni hii. Katiba, kifungu cha 43, inasema maji safi ni haki yako, na huduma ya maji ni kazi ya kaunti. Buda akija barazani Bumula na filta inayong'aa, kabla ya makofi muulize maswali matatu. Spea inauzwa soko gani na pesa ngapi? Nani atarudi kupima maji baada ya mwaka, na si yeye mwenyewe? Kama kuna pesa ya kaboni, sisi tunapata ngapi?

Akikosa majibu, chukua filta yake, asante sana, lakini sufuria ya kuchemshia maji usiitupe.