Programu ya kuchorea mifumo: tusichague kwa macho

Msimu wa kuwasilisha miradi ya mwisho unapowadia katika vyuo vyetu vya uhandisi na vya ufundi, meza za walimu hujaa ripoti zilizojalidiwa vizuri, na ndani ya kila ripoti haukosi ule mchoro wa visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Aghalabu mchoro huo hupendeza. Visanduku vimetiwa rangi na vivuli, mishale imepindwa kwa madaha, na mtu akiutazama kwa mbali ataapa kwamba aliyeuchora anaufahamu mfumo wake barabara. Lakini hebu mwulize mwanafunzi swali moja tu: mshale huu unabeba nini? Hapo ndipo kimya hutanda.

Kwa maoni yangu, kosa si la mwanafunzi peke yake. Sisi walimu tumezoea kumwagiza kijana achore kwa tarakilishi bila kumweleza ni programu ipi na kwa sababu gani. Naye hushika ile aliyoikuta katika mashine ya rafikiye, mara nyingi nakala isiyo na leseni, kisha huchagua rangi. Basi akifikiri kwamba uhandisi ni rangi, tumlaumu nani?

Mchoro wa visanduku wenye ngazi una kazi yake maalumu. Tukitazame kituo cha umeme wa mvuke cha Olkaria, karibu na Naivasha, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15. Anayetaka kukieleza kituo kama hicho kwenye karatasi ya kwanza anahitaji kisanduku kimoja tu: mvuke na maji moto ya ardhini huingia, umeme hutoka, na maji yaliyokwisha kutumika hurudishwa ardhini. Karatasi ya pili hukifungua kisanduku hicho, nasi tukaona visima, chombo cha kutenganisha mvuke na maji, turbini na jenereta yake, chombo cha kuupoza mvuke ugeuke maji, mnara wa kupozea, na visima vya kurudishia maji. Karatasi ya tatu huifungua turbini peke yake, pamoja na vali zake, mafuta ya kulainisha na kidhibiti cha mwendo. Fundi wa vali hana haja ya kuona visima, wala meneja hana haja ya kuona vali. Kila mmoja husimama katika ngazi yake, na ngazi zote ni za nyumba moja.

Sharti la mchoro wa namna hii ni moja, na ndilo wengi hulivunja: kila mshale unaoingia au kutoka katika kisanduku cha juu lazima uonekane ukiingia au kutoka katika karatasi inayokifungua. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1970 jeshi la anga la Marekani liligharimia utafiti uliozaa mbinu inayoitwa IDEF0, na mwaka 1993 serikali ya nchi hiyo ikaichapisha kuwa kiwango rasmi. Kiliagiza kwamba karatasi ya juu kabisa iwe na kisanduku kimoja, na kila karatasi inayofuata iwe na visanduku visivyopungua 3 wala kuzidi 6. Viingiavyo hupita kushoto, vitokavyo kulia, masharti hushuka kutoka juu, na watendaji au vifaa hupanda kutoka chini. Mwanafunzi anayepanga visanduku 40 katika ukurasa mmoja angefaidika sana kwa kuifuata kanuni hii, hata kama hataichukua mbinu yenyewe nzima nzima.

Asiyeona uzito wa mshale na akumbuke yaliyotokea mwaka 1999, shirika la NASA lilipokipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kilipokuwa kinaifikia sayari ya Mirihi. Programu moja iliyokuwa duniani ilitoa hesabu za msukumo kwa kipimo cha pauni, ilhali programu iliyozipokea ilitarajia kipimo cha nyutoni. Makubaliano yaliyoandikwa yalitaka nyutoni. Mshale ulikuwapo, maelezo yake yalikuwapo, ila hakuna aliyehakikisha kwamba kinachotoka upande huu ndicho kinachotarajiwa upande wa pili.

Ndiyo maana nasema programu hizi ni za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakotuponza. Zipo zinazochora picha, na zipo zinazoujua mfumo.

Katika aina ya kwanza yumo Visio, aliyetokea mwaka 1992 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2000, na draw.io, ambayo haitozi ada na ina toleo linalofanya kazi bila intaneti. Humo unaweza kuwa na kurasa nyingi, na ukakifanya kisanduku kiwe mlango wa kukupeleka ukurasa mwingine. Ni jambo zuri. Lakini kwa draw.io, kisanduku ni umbo tu lenye maneno ndani. Ukiufuta mshale wa maji ya kurudishwa ardhini katika karatasi ya pili, karatasi ya kwanza itabaki vilevile, nayo programu haitanong'ona hata neno. Graphviz, iliyozaliwa katika maabara za AT&T, ni ya namna yake: unaandika kwa maneno kipi kimeunganishwa na kipi, nayo yenyewe hupanga visanduku. Humwokoa mwanafunzi na ule upotezaji wa saa nzima wa kusogeza kisanduku kushoto kidogo, kulia kidogo; ila aliyezoea kupanga kwa mkono wake huona kama ameporwa.

Katika aina ya pili imo Simulink ya kampuni ya MathWorks. Humo kisanduku huwa ni hesabu inayofanya kazi, nacho chaweza kuwa na mfumo mwingine mzima ndani yake. Ukiondoa mlango wa kuingilia katika mfumo wa ndani, mlango huo hutoweka pia katika kisanduku cha nje, na waya uliokuwa umefungwa hapo hubaki ukining'inia mbele ya macho yako. Leseni yake si ya bei ya mfuko wa kila mwanafunzi. Wasio nayo wanaweza kutumia Xcos, iliyomo ndani ya Scilab, programu iliyoasisiwa Ufaransa na inayopatikana bure. Haina utajiri wa mwenzake, lakini kwa somo la udhibiti wa mitambo inatosha kabisa. Kwa elektroniki kuna KiCad, aliyoianzisha Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992: karatasi huwekwa ndani ya karatasi, na ukiiagiza ikague kazi yako hukuonyesha kila mlango usiokuwa na mwenzake. Hiyo nayo haidai senti.

Capella je? Ilianzia katika kampuni ya Thales, na tangu katikati ya miaka ya 2010 hutolewa bure. Ndiyo yenye kuujua mfumo zaidi ya zote nilizozitaja, kwani hufuatilia kazi, vipengele na viungo vyake katika ngazi zote. Lakini sitamhimiza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aikimbilie. Inataka tarakilishi yenye nguvu, na inamtaka mtu ajifunze kwanza mbinu yake, iitwayo Arcadia, la sivyo atabaki anapapasa gizani.

Wapo watakaoniambia kwamba waajiri hutaka Visio au Simulink, kwa hivyo tumfundishe kijana hizo. Chuo chenye leseni halali na kifanye hivyo, sina ugomvi. Lakini kumfundisha mwanafunzi kwa nakala ya wizi, kisha kumhubiria maadili ya taaluma ya uhandisi katika kipindi kinachofuata, ni jambo ambalo wanafunzi wenyewe hulichekea pembeni.

Tena kuna suala la kesho. Nilipata kuletewa faili ya mradi uliochorwa kwa toleo la majaribio. Siku za majaribio zilikuwa zimekwisha, faili haifunguki, na mwenye mradi hakuwa amechapisha hata ukurasa mmoja. Usiku huo aliuchora mfumo wake upya kwa rula na penseli. Nami nakiri kwamba mchoro wa penseli ulikuwa bora kuliko ule uliopotea, maana uvivu wa kufuta ulimlazimisha afikiri kabla ya kuchora. Faili za draw.io, za Graphviz na za KiCad huhifadhiwa kwa maandishi ambayo hata programu nyingine yaweza kuyasoma. Nazo zikiharibika, mtu mwenye subira anaweza kuokoa kitu.

Kwa hivyo ningependa wakuu wa idara zetu wakubaliane juu ya mambo machache kabla ya muhula ujao. Shule za upili na mwaka wa kwanza wa chuo watumie penseli kwanza, kisha draw.io. Kuanzia mwaka wa tatu, mchoro wa mradi ufanywe kwa programu inayokagua viungo, kila idara ikichagua yake: Xcos au Simulink kwa udhibiti, KiCad kwa elektroniki, Capella kwa miradi mikubwa ya kikundi. Faili yenyewe iwasilishwe pamoja na nakala iliyochapishwa. Na katika kusahihisha, alama zilizokuwa zikitolewa kwa unadhifu zipewe mishale: ina jina, ina kipimo, na inaonekana katika karatasi zote mbili.