Mkalimani Asiyejua Mtambo

Watu wa pwani tuna neno moja, bomba. Mtambo wa kuvuta maji ni bomba. Mfereji wa chuma upitao maji ni bomba. Na sindano ya daktari nayo ni bomba. Sisi kwa sisi twaelewana, maana kidole huonyesha. Lakini Mwingereza ana jina mbali kwa kila kimoja. Basi mkalimani akiambiwa bomba limeziba, naye hajui la ufundi, atamwambia mhandisi nini? Kitafunguliwa kisicho na ila, na ng'ombe wangoje maji.

Kwetu Ganda na ng'ambo ya Sabaki jambo hili si la mbali. Wako Waata, ambao wengi twawaita Wasanye, na kuelekea Tana wako Waorma. Lugha zao ni za jamii ya Kioromo. Hata Galana, jina la Sabaki huko juu, ni neno la Kioromo lenye maana ya maji makuu. Tangu mwaka 2014 mradi wa Galana-Kulalu umeingiza mitambo ya kunyunyizia mashamba katika nchi hiyo ya malisho, na vitabu vya mitambo aghalabu ni vya Kiingereza.

Desturi yetu ni kumtwaa kijana yeyote aliyesoma. Wengine husema aletwe msomi kutoka Ethiopia, ambako Kioromo kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1991. Sawa, lakini msemo wa huko si msemo wa Tana, na kujua lugha si kujua beringi.

Mtume (S.A.W.) alipotaka mtu wa kumsomea barua za Mayahudi, alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi yao. Hakuokota mpita njia. Alimchagua mwandishi wake mwaminifu, kisha lugha ikafuata.

Nasi tufuate njia hiyo. Kijana wa Kiorma au wa Kiwaata apelekwe chuo cha ufundi, ashike spana kwanza. Kisha akae na wazee wapatane jina la kila kipande. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, yampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Mchungaji aliyesimama mbele ya injini hana haki hiyo. Basi kaunti na wenye miradi wamgharimie.

Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Lakini ujumbe uliopotoka, mbele ya gurudumu liendalo kasi, waweza kumwua aliyeupokea.